Nani Alizipanga Chembe

Foleni ya duka la vipuri ilikuwa imetoka nje ya mlango mpaka kwenye ngazi, na jua la saa sita lilikuwa limewakalia watu utosini. Mafundi redio, mafundi friji, wenye pasi zilizoungua, kila mtu na kidude chake mkononi. Fundi Baridi alikuwa wa nne kutoka kaunta. Alivaa ovaroli ya buluu iliyofuliwa mpaka magoti yamekuwa meupe, kitambaa cha manjano kichwani, na mkononi alishika kapasita, kile kikopo cha kuwashia mota, iliyovimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Kazi yake ilikuwa viyoyozi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, na tisa kati ya hiyo aliitumia kupanda mapaa ya watu kuwatafutia ubaridi, hata jina alilopewa na wazazi likawa halitumiwi tena ila na mama yake.

Foleni ikasogea, akabaki mtu mmoja mbele yake, mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa mbele na kukunjamana mgongoni, kama mtu anayeshinda kwenye kiti. Alishika feni ndogo ya kompyuta kwa vidole viwili, mfano wa mtu aliyeokota kifaranga kilichokufa. Akauliza kama ipo nyingine ya aina ile. Muuza vipuri aliitupia jicho moja tu, akasema ya aina hiyo haijaingia tangu mwaka juzi. Mwanamume akabaki amesimama. Watu wa nyuma wakaanza kuguna.

Fundi Baridi hakuwa mtu wa kuingilia ya watu, ila foleni ilikuwa imekwama. Akanyoosha mkono.

"Hebu lete."

Akaigeuza, akaipuliza, akachomoa kwa ukucha bonge la vumbi na nywele. Akaisukuma kwa kidole, ikazunguka.

"Haijafa hii, imekabwa tu. Tia tone la mafuta ya cherehani hapa katikati, urudi kazini kwako."

"Na kama sina cherehani?"

"Sijakwambia ushone, kaka. Nimesema mafuta."

Foleni nzima ikacheka, na mwanamume naye akacheka. Fundi alipotoka na kapasita yake mpya, robo saa baadaye, alimkuta amesimama kwenye kivuli cha bati la duka, feni imo mfukoni. Akamwomba namba ya simu, endapo feni itaugua tena. Fundi akamwambia feni kama ile haihitaji daktari wa kuitwa kila siku. Akajibu kwamba pengine mwenye feni ndiye atakayehitaji. Fundi akampa namba, kisha akaenda zake, na njia nzima alikuwa akitabasamu peke yake kama mtu aliyetumiwa salamu.

Hadithi hiyo aliipenda kupita kiasi. Aliisimulia kazini, aliisimulia kwa majirani, na yule mwanamume akiwa kando yake aliisimulia kwa madoido zaidi. Alikuwa na sababu. Mara mbili familia ilikuwa imemtafutia mchumba. Wa kwanza aliletwa na mjomba wake, akakaa mwaka mzima akinywa chai sebuleni kwao, kumbe alikuwa na mtu wake mji mwingine na alikuja kwa kuwaridhisha wazazi. Wa pili aliletwa na rafiki wa mama, mtu mpole, ila sharti lake lilikuwa mke asipande ngazi. Yalipovunjika ya pili, Fundi Baridi alimkalisha mama yake na shangazi yake kitako, akawaambia bila kupaza sauti kwamba nyumba ile haitaletewa mtu tena. Atakuja aliyejileta, na asipokuja mtu, basi. Sasa akaja huyu, hana anayemjua, na feni iliyokabwa mkononi. Kwake alikuwa kama ameshushwa kutoka mbinguni.

Mwanamume alikuwa mwanafunzi wa uzamivu chuoni, na watu walimwita Mtafiti. Siku ya tatu walipokutana kunywa chai, Fundi alimwuliza hasa anatafiti nini. Akachukua karatasi ya kufutia mikono, akachora duara lenye mikia miwili.

"Kiluwiluwi," Fundi akasema.

"Kiluwiluwi mwenye mikia miwili. Kichwa kinapenda maji. Mikia haiyataki maji hata kuyaona."

Akaeleza kwamba hiyo ni molekuli, jamaa wa molekuli za sabuni, na kwamba yeye haigusi kwa mkono. Anaiunda ndani ya kompyuta, kila molekuli vijishanga vichache vilivyounganishwa, halafu anazimwaga elfu nyingi ndani ya sanduku la maji ambalo nalo lipo ndani ya kompyuta. Kompyuta inapiga hesabu nani anamsukuma nani, nani anamvuta nani, hatua kwa hatua, mamilioni ya hatua. Mikia inakimbia maji, inajificha pamoja. Vichwa vinabaki nje. Wakati mwingine yanatokea mabonge ya duara, wakati mwingine mirija, wakati mwingine tabaka kama shuka. Za kwake, kufuatana na hesabu yake, zilikuwa zinatengeneza vifuko, vyenye uwazi ndani, ambavyo siku moja vingeweza kubeba dawa mwilini.

"Na nani anazipanga?"

"Hakuna. Zinajipanga zenyewe. Ndiyo raha ya kazi hii."

Fundi akaikunja ile karatasi akaitia kwenye mfuko wa ovaroli.

Basi wakapendana, kwa utaratibu wa watu wenye kazi. Simu zao zilikuwa za saa saba mchana, yeye akiwa juu ya paa la mtu na mkate mkononi, Mtafiti akiwa kwenye dirisha la ofisi. Mtafiti alimwita fundi wangu, halafu kipenzi, halafu kipoza moyo, na hili la mwisho Fundi alilikataa akasema linamfanya ajisikie kama mashine yenye dhamana ya miaka miwili. Yeye alimwita bwana mkubwa, na alipotaka kumchokoza, baba viluwiluwi. Mwezi wa tatu idara ilitafuta fundi wa kutunza viyoyozi vya chumba cha mashine, mahali zilipopangwa kompyuta zinazopiga hesabu usiku na mchana na kutoa joto kama jiko. Mtafiti akamtaja, akapewa mkataba, kila Jumatano asubuhi. Shangazi yake Fundi alikuwa mhazili katika chuo hichohicho, jengo la pili. Alipoulizwa kama anamfahamu huyo kijana, alisema wanafunzi ni wengi kama siafu, atamjua vipi mmoja mmoja, akarudi kupiga mihuri yake.

Mwezi wa nane, wiki moja kabla ya Mtafiti kutetea tasnifu yake, alimwomba Fundi amsikilize akijizoeza. Ilikuwa alasiri, ofisini kwake, chumba chembamba chenye madawati matatu na dirisha moja. Mtafiti alivaa koti jipya la kijivu, mikono imemzidi kidogo. Aliongea vizuri. Alipofika penyewe, akawasha sinema ya hesabu zake: shuka ya molekuli inaelea ndani ya maji, ncha zake zinakunjamana, inajikunja, inajifunga, kifuko hicho. Akasema kwa sauti ya kutetea: "Zimejipanga zenyewe, bila mkono wa mtu."

Fundi alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la vifaa, kidevu mkononi.

"Rudisha mwanzo."

Akarudisha.

"Mwanzo kabisa."

"Huo ndio mwanzo, mpenzi."

"Mwanzo gani? Hapo zimeshasimama safu mbili, vichwa nje, mikia ndani. Uliniambia unazimwaga ovyo."

Mtafiti akavua koti, akalitundika kwenye kiti. Akaeleza. Ukizimwaga ovyo, mashine zao zinachukua miezi kabla hujaona kitu cha maana, na hujui utaona nini. Ukizianzisha zikiwa shuka tayari, kwa siku nne unapata kifuko. Watu wengi wanafanya hivyo. Ndani ya tasnifu ameandika mstari mmoja kwamba mpangilio wa mwanzo uliandaliwa, na atakayesoma kwa makini ataona. Amezisukuma kidogo tu.

"Mteja akiniambia kiyoyozi chake kinapoza chumba vizuri," Fundi akasema, "halafu nikikuta barafu uvunguni mwa kitanda, niandike kwamba kiyoyozi ni kizima?"

Mtafiti akacheka, akamjia, akamshika mabega. Alikuwa amechoka, alitaka maneno yaishe. "Kusukuma kidogo si dhambi, kipenzi. Hata sisi tulisukumwa, na tazama tulivyo."

Fundi hakucheka.

"Tulisukumwa na nani?"

Hapo Mtafiti akajua mdomo umemponza, lakini neno lilikwisha toka. Alijaribu kulizungusha, Fundi akamtazama tu, mpaka akalimwaga lote. Kabla hawajakutana, Shangazi alimtafutia Mtafiti barua zake za usajili zilizopotea masjala. Siku moja akamwonyesha picha kwenye simu, akamwambia ana binti wa kaka yake, mkaidi, hataki kuletewa mtu. Akamwambia Alhamisi saa sita binti huyo atakuwa duka fulani la vipuri. Na alijua atakuwepo, kwa sababu kiyoyozi cha ofisi yake kilikuwa kimekufa, naye Shangazi mwenyewe alingoja mpaka asubuhi ile ndipo akampigia Fundi. Feni, Mtafiti aliitoa kwenye boksi la vitu vibovu hapo idarani.

"Na vumbi?" Fundi akauliza.

"Vumbi lilikuwa la kweli," akasema, kana kwamba hilo lingesaidia.

Fundi akainuka, akachukua sanduku lake la vifaa. Akamwambia kwamba Jumatano atakuja kusafisha vichujio kama kawaida, hiyo ni kazi na mkataba upo. Mengine asimpigie simu. Hakubamiza mlango, ulikuwa mlango wa kujifunga taratibu, ukachukua muda wake.

Alikwenda moja kwa moja jengo la pili. Shangazi alikuwa mezani kwake, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, kiyoyozi juu ya kichwa chake kinanguruma vizuri kwa kapasita ile ile ya siku ya feni. Hakukana hata kidogo. Alisema yeye alitii sheria kama ilivyotangazwa: aliambiwa asilete mtu nyumbani, na hakuleta mtu nyumbani, alimpeleka mtu dukani. Akasema kwamba kwenye ukoo wao wanawake wote ni wakaidi na wote wameolewa kwa kusaidiwa, yeye akiwemo. Akagonga muhuri kwenye barua, akaiweka kando.

"Mimi nilipanga robo saa, mwanangu. Zile simu za miezi minane, nilipiga mimi?"

"Ungeniuliza, Shangazi."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Na ilikuwa haki yangu kukataa."

Shangazi akavaa miwani yake, akamtazama vizuri, kisha akauweka muhuri chini.

Lakini aliyemuuma zaidi hakuwa Shangazi. Shangazi alikuwa Shangazi, tangu zamani akisogeza watu kama anavyosogeza viti vya sherehe. Kilichomchoma Fundi ni kwamba kila alipoisimulia ile hadithi ya feni mbele za watu, Mtafiti alikuwa amekaa pembeni yake, na alikuwa akicheka mahali panapostahili. Alikumbuka hata namna alivyokuwa akiongezea: mwambie ya cherehani, mwambie ya cherehani. Sasa miezi minane yote ilikuwa kama ile sinema. Aliirudisha nyuma, akaona kwamba mwanzo haukuwa mwanzo, na hakujua tena kilichobaki ni kipi.

Mtafiti alipiga simu mara kumi na saba wiki ya kwanza. Halafu akaacha.

Katika chumba cha mashine, kando ya mlango, palikuwa na daftari limefungwa kwa uzi. Kila anayeingia aliandika tarehe, kiwango cha joto, na alichofanya. Jumatano ya kwanza Fundi aliandika: "Nyuzi ishirini na moja. Vichujio vimesafishwa." Jumatano ya pili, chini ya mwandiko wake, alikuta mwandiko mwembamba anaoufahamu.

"Nimeondoa maombi ya kutetea. Nimezimwaga upya, ovyo. Masanduku matano, kila moja na mmwago wake. Wiki tisa. Naomba chumba kisipite nyuzi ishirini na tano, mashine zikipata joto zinajizima."

Fundi alisoma mara mbili. Kisha akaandika: "Nyuzi ishirini na moja. Bomba la maji limezibuliwa." Akaondoka.

Alisikia kwa Shangazi, ambaye hakuulizwa, kwamba msimamizi wa Mtafiti alikasirika sana, kwamba jina lake limetolewa kwenye orodha ya mahafali, na kwamba wenzake wawili wanamwita mjinga. Shangazi alisema haya kwa unyonge usio wa kawaida yake. Fundi akamwuliza kama kiyoyozi bado kinafanya kazi, Shangazi akasema kinafanya.

Wiki zikaenda. Kila Jumatano palikuwa na mstari mpya daftarini, na Fundi hakukiri hata kwa nafsi yake kwamba alianza kufika chuoni nusu saa kabla ya wakati. Wiki ya tatu: "Zimekaa vikundi vya kumi kumi, kama watu msibani wasiofahamiana." Wiki ya nne: "Sanduku la kwanza, vikundi viwili vimeungana. La pili, vimeungana vikaachana." Yeye aliandika nyuzi, vichujio, gesi. Ila ukutani palikuwa na kioo cha kompyuta kilichoonyesha masanduku yote matano, na fundi akiwa juu ya ngazi ana macho kama mtu mwingine yeyote. Wiki ya tano, chini ya nyuzi ishirini na mbili, aliandika: "Mbona la tatu bado limetawanyika?"

Jumatano iliyofuata palikuwa na neno moja tu la jibu. "Sijui."

Fundi alilitazama neno lile kwa muda. Katika miezi yote minane hakukumbuka kama aliwahi kumsikia akilisema. Mtafiti alikuwa mtu wa kujua: alijua njia fupi, alijua sinema ikoje kabla hawajaingia, alijua vifuko vitakuwa vifuko.

Wiki ya saba, siku ya Jumatatu, saa nne na nusu asubuhi, akapigiwa simu na idara. Kompresa ya kiyoyozi kikubwa, pampu inayosukuma gesi yake, ilikuwa imegoma. Alipofika chumba kilikuwa nyuzi ishirini na nne na kinapanda. Kiyoyozi kidogo kilikuwa kinahema peke yake. Mtafiti alikuwa humo, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko, anasukuma feni za kusimama alizoazima ofisi zote. Hawakusalimiana. Fundi akapanda kwenye paa, akafungua mfuniko, akagundua waya wa umeme wa kompresa umeungua kwenye kiungio na kuacha harufu ya plastiki. Jua lilikuwa kali, chuma hakishikiki bila kitambaa. Ngazi iliyoegemezwa ukingoni mwa paa ilikuwa inayumba, kisha ikaacha kuyumba, na alipochungulia chini alimwona Mtafiti ameishika kwa mikono miwili, uso umeelekezwa ukutani.

"Koleo," akasema.

Mtafiti akapanda vidaraja vitatu, akampa.

"Siyo hiyo. Yenye mpini mwekundu."

Akampa.

"Imefika ishirini na tano kasoro nusu," Mtafiti akasema, akitazama kwenye simu kipimo cha joto la chumba. "Nizime mashine?"

"Usizime. Nipe dakika ishirini."

Akafanya kazi. Alikata waya, akaumenya, akabana kiungio kipya, jasho likimwingia machoni na mikono yote miwili ina shughuli. Hakuwa anafikiria mapenzi. Alikuwa anafikiria kiungio. Dakika kumi na nane kompresa ikakohoa, ikashika, paa likatetemeka chini ya magoti yake. Aliposhuka Mtafiti alimshukuru. Fundi akasema mkataba ndivyo unavyosema. Kisha, akiwa anafunga sanduku lake, akaongeza kwamba shati lake lina masizi begani, ayatoe kwa sabuni kabla hayajakauka.

"Sabuni naifahamu kidogo," Mtafiti akasema.

Fundi akageuka upande wa pili haraka, asionekane mdomo wake.

Jumatano ya kumi na moja hakukuta maandishi. Alimkuta mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kile kioo, amevaa sweta kwa ajili ya baridi ya chumba. Mashine zilikuwa zinavuma. Akamwomba aangalie, kama ana nafasi.

Hakukuwa na kifuko. Sanduku la kwanza, mrija mrefu uliojipinda kama mnyoo. La pili, mrija. La nne na la tano, mirija. La tatu lilikuwa na vipande viwili vya mrija ambavyo havijakutana. Mtafiti akaeleza kwa utulivu kwamba kile kifuko chake kizuri nacho alikiacha kiendelee, na wiki ya tisa kilitoboka, kikafunguka, sasa kinarefuka kama wenzake. Molekuli zake hazikuwa za vifuko. Hazijawahi kuwa. Zilikaa vile kwa sababu aliziweka vile, na angesubiri zaidi zingemwambia. Msimamizi amempa miezi sita aandike upya, na safari hii kichwa cha tasnifu hakina neno dawa.

"Inakuuma?"

"Inauma. Lakini sasa mtu akiniuliza swali, sitafuti mlango uko wapi."

Fundi akavuta ngazi, akaikalia kidaraja cha pili. Swali lake alikuwa nalo wiki kumi na moja.

"Shangazi asingekutuma, tungekutana?"

Mtafiti akavuta mikono ya sweta yake. Mtafiti wa zamani angejibu papo hapo, angesema ndiyo, angesema nyota.

"Sijui," akasema. "Ningependa kukwambia ndiyo. Sina njia ya kujua. Dukani nilikuja kwa sababu nilitumwa, na nilitaka kumridhisha mtu aliyenisaidia. Ulipoichukua ile feni mkononi mwangu nilikuwa bado natumwa. Nje nilikusubiri kwa sababu nilitaka. Hilo la pili ni langu, na mengine yote baada yake."

"Mbona hukusema?"

"Mwanzo niliona ni mzaha tu. Halafu ukaanza kuisimulia. Uliipenda. Kila ulipoisimulia nikazidi kushindwa."

"Ukawa unanikumbusha ya cherehani."

"Nikawa nakukumbusha ya cherehani," akasema, na hakuinua macho.

Fundi alisikiliza viyoyozi vyake kwa muda, kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa sawa. Kisha akasimama, akaandika daftarini nyuzi ishirini na moja, akaweka kalamu mahali pake.

"Jumamosi uje nyumbani," akasema. "Uongee na mama."

Mtafiti akainua kichwa. "Kwenu ni wapi hasa?" Kwa maana siku zote alikuwa akimwacha njia panda, Fundi mwenyewe alitaka hivyo, asije akaonekana ameleta au ameletewa mtu.

"Mtaa unaujua. Nyumba utaitafuta. Usimpigie Shangazi, na mimi usinipigie."

"Nikipotea?"

"Utapotea," Fundi akasema, akabeba ngazi yake.

Jumamosi alivaa gauni la kijani, la mikono mifupi, na nywele akazisuka mwenyewe. Mama yake alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono mapajani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu aolewe wifi yake, yaani Shangazi, alikuwa akisema kwa niaba ya wote wawili. Shangazi alikuja bila kualikwa, amevaa viatu vya kanisani. Fundi alimkaribisha, akamwekea chai, kisha akanyoosha mkono akaomba simu yake. Shangazi akatazama dari, akaitoa. Ikawekwa juu ya kabati.

Saa sita ikafika, ikapita. Saa saba. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa. Shangazi akasema mtoto wa watu atazunguka na jua hili mpaka lini, nyumba zenyewe zimefanana, zote bati jekundu, zote mlango wa kahawia. Akasema neno moja tu kwenye simu lingemaliza kazi. Mama akasema, "Mwache."

Saa nane kasorobo wakamwona. Alipita upande wa pili wa barabara, koti la kijivu mkononi, viatu vimejaa vumbi. Alisimama kwa fundi viatu, akauliza kitu. Fundi viatu akaonyesha kwa sindano yake upande usio wenyewe. Mtafiti akashukuru, akashika njia hiyo.

Shangazi akawa amekwisha simama. "Anapita. Huyo anapita, mwite."

Fundi hakumwita. Alisimama nyuma ya kiti cha mama yake, ameshika mgongo wa kiti.

"Na asiporudi?" Mama akauliza, bila kugeuka.

"Asiporudi, hajarudi."

Alilisema vizuri, kama alivyokuwa amelipanga kichwani. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekikaba kile kiti, na aliposikia mlango wa jirani ukigongwa ng'ambo, mwanamke akijibu kwa ukali kwamba hapa si kwa fundi yeyote, alipiga hatua moja kuelekea mlangoni, akarudi. Akaona wazi, bila mtu kumweleza, kwamba akipotea leo yeye Fundi ndiye atakayeumia, na hata hivyo hatamwita. Dakika kumi. Mbwa akabweka nyumba ya tatu. Mtu akaomba radhi. Nyumba ya pili, kimya, hawakuwepo. Halafu nyayo kwenye changarawe, polepole, zikasimama, zikasogea tena.

Hodi ikapigwa. Mara tatu, ya mtu aliyekwisha gonga milango mingi.

Shangazi alikuwa wa kwanza kuinuka, mkono tayari kwenye miwani yake, uso umechangamka kama mwenye shughuli.

"Kaa, Shangazi," Fundi Baridi akasema. "Huu nafungua mimi."